Mwaka wa Chokaa

Nilikuwa nimekaa kwenye jamvi la wanawake, nyumbani kwa marehemu kule Visiga, nachambua mchele wa msiba pamoja na wenzangu, pale Adela aliponiinamia sikioni. Adela ni binti wa kaka yake Mwalimu Yustina, na ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia na kwa moshi wa majiko. "Shikamoo, mama. Wewe ndiye Mwanaidi fundi?" Nikaitikia marahaba, nikamwambia ndiye mimi. "Shangazi aliacha neno lako. Alisema ukija nikuambie uende Kisarawe, ukaloweshe ukuta." Nikamuuliza kwa nini shangazi yake hakunipigia simu mwenyewe, mbona namba yangu alikuwa nayo. Alijua anachotaka kusema kitaniuma. "Nilimwambia hivyo hivyo, mama. Akasema, mwache, atakuja mwenyewe."

Na kweli nimekuja mwenyewe, ila yeye yumo kwenye sanduku. Kutoka dukani kwangu Maili Moja mpaka mlangoni kwake ni nusu saa, na foleni ikizidi sana ni saa nzima. Miaka yote hiyo nimekuwa nikipita pale kwenye kona yake nikienda Mlandizi kufuata vitambaa, na kila nikipita najiambia Idi hii nitamletea vitumbua, na Idi inapita. Nisijifanye nilikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa naona haya. Nikiwa na miaka ishirini na minne nilimfanyia kosa ambalo ningeweza kusema nilimharibia kazi ya maisha yake, na nilipomwomba radhi hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alisema, "Tutazungumza." Hatukuzungumza. Tulicheka pamoja baada ya hapo, tulikula sahani moja, alinisifia mbele za watu mpaka nikakosa pa kuficha uso, lakini lile jambo lenyewe hakuligusa tena. Nikakaa nalo. Nikawa naikwepa kona ya Visiga kama mtu anayekwepa kliniki kwa kuogopa majibu.

Mwaka huo ulianza kwa yeye kuingia kibandani nilikokuwa nashona, akiwa ameshika mfuko mtupu wa unga wa sembe. Wakati ule nilikuwa nimeajiriwa kwa mama mmoja pale Maili Moja, tunashona sare za shule, mimi nikiwa na cherehani ya kukanyaga na futi shingoni kutwa nzima. Mkono wangu ulikuwa umenyooka. Pindo nililolikunja mimi hulioni lilipoanzia, na nilikuwa na majivuno nalo, sitaficha. Mwanamke aliyeingia alikuwa mrefu, mkavu, nywele amezikata fupi kama mwanafunzi, na viatu vyake vya kiume vimeng'arishwa mpaka unajiona. Alikuwa amestaafu kufundisha uchoraji. Akauweka ule mfuko wa unga juu ya meza akaniambia, "Nishonee shati la askari kwa huu." Nikamuuliza la askari gani. "Aliyeondoka," akasema. Mama mwenye kibanda akanitazama, akazungusha kidole pembeni mwa sikio, mimi nikajizuia kucheka. Nikalishona. Nilivyolimaliza, Mwalimu akaligeuza nje ndani, akalitazama pindo kwa muda mrefu, kisha akachukua mkasi wangu na kulifumua lote. "Umeshona vizuri kupita kiasi," akaniambia. "Huyu mtu ameondoka kwa haraka. Acha nyuzi zining'inie." Nilikasirika kweli. Lakini usiku ule sikuacha kuliwaza lile shati, na aliporudi kesho yake kuniambia anataka arobaini, nilimjibu ndiyo kabla hajamaliza kusema ni wapi.

Ni wapi, ni Kisarawe, huko juu kwenye vilima, katika kambi ambayo wanajeshi walikuwa wameihama miaka mingi kabla. Eneo lilikuwa limerudishwa kwa kijiji na kijiji hakikujua kilifanyie nini. Kulikuwa na uwanja wa gwaride ulioota majani, mesi isiyo na milango, ghala moja ambalo watu walianikia mihogo, na bweni refu lenye mabati yaliyokuwa bado mazima. Mwalimu alikuwa ameomba kibali atengeneze humo maonesho ya sanaa. Alipoeleza kwa mara ya kwanza mbele ya kamati ya kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Kitwana, mtu mpole mwenye koti lisilovuliwa hata kwa jua la saa saba, alimuuliza kwa adabu kama picha zitakuwa za wanyama au za mlima. Mwalimu akamwambia hakutakuwa na picha. Kitwana akatafakari, akauliza, "Sasa watu watakuja kuona nini, Mwalimu?" Akamjibu, "Watakuja kuiona kambi." Watu wakatazamana. Kambi waliiona kila siku wakienda kuchanja kuni.

Nilihamia huko na cherehani yangu kwa miezi mitano. Tulikuwa tunalala kwa Bi. Mwamvua, mjane aliyekuwa na nyumba hatua chache kutoka lilipokuwa lango la kambi, na ambaye zamani alikuwa akiwauzia askari maandazi na uji kupitia kwenye waya kwa sababu ndani hakuruhusiwa. Mchana tulikuwa tunashinda mesini. Mpaka leo nikinusa mihogo ya nazi narudi katika chumba kile, na meza zake za saruji zilizojengewa sakafuni zisisogezwe, na madirisha mapana yanayoleta upepo wa mikorosho. Bi. Mwamvua alikuwa akituletea chakula kichwani, mihogo siku hii, ubwabwa na mchicha siku nyingine, dagaa waliokaangwa kwa ndimu, na chai ya tangawizi inayowasha koo. Siku ya kwanza alisimama nje ya mlango, hakuingia. Mwalimu akamwambia, "Karibu, dada, pita." Akasema, "Mimi humu sijawahi kupita." Akaweka sufuria kizingitini, akatazama ndani kwa shingo tu. Ilimchukua wiki nzima kuvuka kile kizingiti, na siku aliyovuka alikaa kwenye meza ya mwisho, akaipapasa, akasema kwa sauti ya kujisemesha, "Kumbe walikuwa wanakula hapa." Mwalimu alikuwa akimenya chungwa. Aliliweka lile chungwa chini, na mchana huo hatukufanya kazi tena, tulikaa tu tukamsikiliza Bi. Mwamvua akitaja nani alikuwa anapenda uji mzito na nani mwepesi.

Nimekutana na wasanii wengine baadaye, wakija dukani kwangu kutaka hiki na kile, na wengi wao huongea sana. Mwalimu Yustina alikuwa anatazama. Angeweza kukaa mbele ya kitu asubuhi nzima mikono mapajani. Mimi mwanzoni niliona ni uvivu wa kisomi. Nikiwa nashona, kupitia dirishani nilikuwa nawasikia wanawake wa kijijini wakipita na kuni zao, wakidhani hawasikiki. "Yule binti wa Kibaha anashona mashati ya watu wasiokuwepo." "Na yule mwalimu wake anaongea na kuta, mimi nimemuona." "Labda ni mambo ya kanisani." "Kanisa gani, na binti mwenyewe anaswali?" Nilikuwa nacheka mpaka sindano inaniponyoka. Nilipomsimulia Mwalimu alicheka pia, kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. "Hawajakosea. Kuta zinaongea kweli. Njoo."

Akanipeleka bwenini. Nilikuwa nimeshapita mle mara nyingi nikaona kuta chafu tu. Siku hiyo alinikalisha kwenye kitanda cha chuma, akaniambia nilale chali kisha nigeuke ubavu, kama anayetafuta usingizi. Nikageuka. Usawa wa macho yangu kulikuwa na kuku amechorwa, na vifaranga saba nyuma yake, kimoja kimechelewa. Wote wamechorwa kwa dawa ya viatu, nyeusi, kwa ncha ya kidole. Kumbe ukuta mzima ulikuwa hivyo. Kila ulipokuwa mto wa askari kulikuwa na kitu: mistari ya kuhesabu siku, tarumbeta, baiskeli, tena mbili, barua iliyoanza "Mpenzi Asha, sisi huku hatujambo" ikaishia hapo. Na majina. Yote yaliandikwa kwa namna moja, nadhani aliyetangulia alianza na wengine wakafuata. Daudi alilala hapa. Koplo Mussa alilala hapa. Shabani alilala hapa lakini hakusinzia. "Hii ndiyo kazi yenyewe," Mwalimu akasema. "Mashati yako yatakuwa uwanjani, sahani mesini, lakini watu watakuja kwa ajili ya ukuta huu. Imeshafanywa. Mimi nimekuja kuiwekea kiti tu." Alikuwa akiongea polepole, mkono wake ukipita hewani karibu na yale majina bila kuyagusa, na mimi pale kitandani nikaona jinsi nilivyokuwa kipofu. Nilimpenda tangu siku hiyo. Nilimpenda kama unavyompenda mtu aliyekuonesha chumba cha ziada katika nyumba yako mwenyewe.

Nikaanza kulala mle mchana, baada ya chakula, kitanda cha yule kuku. Siku moja nikakuta kopo la dawa ya viatu la Mwalimu, nikachovya kidole, nikawa natafuta nafasi ya jina langu. Alikuwa mlangoni. "Weka chini." Hakupaza sauti. "Ukuta huu una wenyewe, Mwanaidi. Wewe umelala humu kwa usingizi wa shibe. Bado hujapata nafasi." Nikafuta kidole kwenye khanga, nikaona haya, lakini haya ya kupita.

Sasa nifike kwenye chokaa. Zilibaki siku mbili kabla ya ufunguzi. Mashati arobaini yalikuwa yameshavishwa kwenye miti uwanjani, safu nne, mikono ikipepea, na hata wale waliokuwa wakitucheka walipita wakipunguza sauti. Mwalimu alilazimika kurudi Kibaha kufuata vibali na kuwapokea wageni wake. Akaniachia funguo. "Wewe ndiye mwenye nyumba," akaniambia. Alipoondoka tu, Bwana Kitwana akaja mbiombio, koti lake limefungwa vifungo vyote. Habari zilikuwa zimebadilika. Mgeni rasmi hatakuwa mtendaji wa kata, anakuja mkuu wa wilaya mwenyewe. Ninyi mliokulia kwetu mnajua maana yake. Kabla ya alasiri msaragambo ulishaitishwa, watu wakaja na mafagio, majembe na mapanga, na kila nyumba ikatoa chochote cha chokaa ilichokuwa nacho. Wakapanga mawe pande zote za njia wakayapaka meupe. Wakapaka mashina ya mikorosho mpaka usawa wa kiuno. Walikuwa wanaimba. Mambo yenyewe yalikuwa mazuri jamani, nilisimama pale na futi yangu shingoni nikajiona bibi harusi. Kisha Kitwana akachungulia bwenini, akarudi uso umemshuka. "Mwanangu Mwanaidi, mgeni ataingia na humu?" Nikamwambia ndiyo, humu hasa. "Akute kuta kama za jiko?"

Hapa ndipo ningependa kusema walinizidi nguvu, au sikusikia, au walipaka nikiwa nimekwenda kuswali. Haikuwa hivyo. Simu ya mkononi alikuwa nayo Kitwana, na namba ya Mwalimu aliijua. Sikuiomba. Nilizitazama zile nyuso, watu waliotoa chokaa ya nyumba zao, Bi. Mwamvua akiwa ameshika brashi ya katani juu kama mwenge, na nikamwona mkuu wa wilaya kichwani mwangu akiingia na kiatu chake safi katika chumba kichafu, na aibu ikanipanda, aibu ya fundi mwenye pindo lililoning'inia. Miezi mitano ya kufundishwa kutazama ikayeyuka. Nikasema, "Pakeni." Na sikuishia hapo. Nilichukua brashi nikapaka mwenyewe. Nilianzia kitanda cha yule kuku.

Mwalimu alirudi kesho yake asubuhi. Sisi tulikuwa tumejipanga mlangoni tukisubiri kusifiwa. Alipita katikati ya mawe meupe akitabasamu, akamshika mkono kila mtu, akamwambia Kitwana, "Mmefanya kazi kubwa, ndugu zangu." Kisha akaingia bwenini. Niliingia nyuma yake na ndipo, nikiona mgongo wake tu, nikaelewa nilichofanya. Ule mgongo ulishuka. Alikaa kwenye kitanda kilichokuwa karibu, akavua viatu, akaviweka sambamba. Chumba kilikuwa cheupe, kinang'aa, kinanuka chokaa mbichi, na hakikuwa na mtu hata mmoja. "Nani?" akauliza. Nikasema, "Mimi, Mwalimu." Akatikisa kichwa taratibu. "Nimekuuliza nani aliyesema pakeni." "Ni mimi." Nikapiga magoti. Nikamwomba radhi, machozi yakinitoka, nikamwambia anifukuze. Alinitazama kwa namna alivyokuwa akiutazama ule ukuta zamani. "Tutazungumza," akasema. "Kaniletee chai."

Badala ya chai nilirudi na ndoo ya maji na matambara. Niliona kheri nikwangue kwa kucha kuliko kumuona amekaa vile. Nikauvamia ukuta, nikalowesha, nikaanza kusugua, Bi. Mwamvua naye akanifuata na tambara lake, haelewi kosa ni nini lakini ameona nalia. Na pale maji yalipofika, kabla hata hatujasugua, kitu cheusi kikaanza kutokea ndani ya ule weupe, polepole, kama mtu anayekuja kwenye ukungu. Kilikuwa kifaranga, yule aliyechelewa. Ile chokaa ilikuwa nyepesi, tuliichanganya maji mengi ili itoshe, na ile dawa ya viatu ya askari ilikuwa na mafuta, haikukubali kushikwa. Ukilowesha inaonekana. Ukiacha ikauke, inarudi kuwa nyeupe, hakuna kitu. Nikachota kopo jingine nikarusha. "Daudi" akatokea. Nikachukua tambara nisugue atoke zaidi, na nikasikia nyuma yangu, "Usifute." Mwalimu alikuwa amesimama miguu mitupu. "Weka tambara chini, Mwanaidi. Mwagia tu." Nikamwagia. Tukasimama watatu tukamtazama Daudi akitokea, akakaa kidogo, akaanza kuondoka kuanzia herufi ya mwisho. Mwalimu aliweka mkono mdomoni. Alikuwa analia na uso wake una furaha, na mimi sikujua nishike lipi.

Mpaka jioni alikuwa ameshabadilisha kila kitu. Akaomba kila nyumba ilete kopo moja, makopo ya aina yoyote, akayapanga mlangoni pembeni ya mtungi wa maji. Hakuandika maelezo ukutani. Mkuu wa wilaya alipofika, akahutubia, akatembea kati ya mashati kimya kuliko nilivyotarajia, kisha akaingizwa katika chumba cheupe kisicho na kitu. Akageuka huku na huku. "Mwalimu, humu kuna nini?" Mwalimu akampa kopo. "Mwagia popote, mheshimiwa." Wasaidizi wake wakashtuka kidogo. Yeye akacheka, akarusha, na akasoma kwa sauti jina lililotokea, "Daudi alilala hapa," na huko nyuma kwenye umati Bi. Mwamvua akaitikia papo hapo, "Daudi wa tarumbeta! Uji mwepesi!" Watu wakaangua kicheko, na baada ya hapo hakuna aliyengoja kukaribishwa. Wanawake waliouza maandazi nje ya waya walikuwa wanachota na kumwaga, wanaita majina, wanabishana huyu ni yupi, na majina yalikuwa yanakauka na kupotea wakiwa bado wanabishana, ikabidi wachote tena. Mzee mmoja alisimama mbele ya "Mpenzi Asha" akaiamsha mara nne au tano, akitaka kuona kama safari hii itaendelea. Kwa siku zote za maonesho ilikuwa hivyo. Nimekwisha kuona mambo mengi mazuri maishani, na watoto wangu nimewazaa, lakini sijaona tena mtu akichukua uharibifu aliofanyiwa na kuwapa watu kwa mikono miwili namna ile. Wageni wa kutoka mjini walimsifu kwa wazo la maji. Kila mara alikuwa akiwajibu, "Hilo ni la Mwanaidi," na kila mara nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu sikujua kama ananisifu au ananikumbusha.

Siku ya kufunga, tulipokwisha kuvua mashati, alituambia tutangulie kwa Bi. Mwamvua tukale. Alitaka kupaka bweni chokaa mkono mmoja zaidi, peke yake. Tulisubiri mpaka ubwabwa ukapoa. Alipokuja mikono ilikuwa myeupe mpaka viwikoni, na kidole chake cha shahada cheusi. Akaomba sabuni. Nilimmiminia maji nikiwa nimeinama, nikajiambia sasa ndipo atalisema. Akasema, "Huu ubwabwa unanukia." Nilirudi Maili Moja, nikafungua duka langu, na sisi tukawa watu wa kusalimiana kwenye harusi na misiba, mpaka tukafika kwenye wa kwake.

Nilikwenda Kisarawe wiki moja baada ya mazishi. Bweni siku hizi ni darasa la watoto wa chekechea. Vitanda vimeondoka, kuna mikeka na viti vidogo, lakini ukuta ni mweupe ule ule, na mlangoni kuna mtungi na makopo mawili ya plastiki. Bi. Mwamvua bado yupo. Macho yamepungua nguvu na anatembelea fimbo, ila aliijua sauti yangu kabla sijamaliza shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Pole na Mwalimu wetu." Nikamwambia nimetumwa kulowesha ukuta. Akanishika mkono, akanipeleka mwenyewe mpaka pale kilipokuwa kitanda changu, akijua njia bila kuona. "Hapa," akasema, "chini ya kuku."

Nilichota, nikamwagia. Akatokea mama kuku, wakatokea vifaranga, wa saba akiwa bado nyuma. Chini yao, kwa mwandiko wa mwalimu wa shule, herufi zilizonyooka, kwa dawa ya viatu, kukatokea mstari mmoja.

*Mwanaidi wa Maili Moja alipaka chokaa hapa.*

Nilikaa chini kwenye mkeka. Nilicheka kwanza, kwa sababu ilikuwa ni yeye kabisa, nilimsikia. Halafu kicheko kikakata. Ilikuwa imeandikwa siku ile ya kufunga, wakati mimi nikilinda ubwabwa usipoe na kujiuliza kama amenisamehe. Bi. Mwamvua alikuwa amesimama juu yangu, ameegemea fimbo. "Watoto wote wa hapa wanajua kuisoma," akasema. "Ndiyo wanayoanza nayo, herufi zake kubwa. Sisi tulidhani unajua." Nikamwambia sikujua. "Mbona hukuja?"

Mstari ulikuwa umeanza kukauka, "hapa" imeshaondoka na "chokaa" inafuata. Nikainuka kwenda kuchota tena.